OL KALOU: MJI UNAOGAWA MAJI
Na Karani wa Ofisi ya Kilimo

Ndugu mkulima, chukua kijiti uchore ramani hii chini, mahali watoto wanapoweza kuiona. Chora mstari kutoka kusini kwenda kaskazini. Mwisho wa kusini andika Gilgil, mwisho wa kaskazini andika Nyahururu. Katikati weka alama: hapo ndipo Ol Kalou. Sasa upande wa mashariki chora milima ya Nyandarua, ambayo kilele chake kirefu kinafika mita 4,000 hivi, na mbele yake mlima Kipipiri, unaozidi mita 3,300. Ukimaliza, umekwisha pata nusu ya habari za mji huu, kwa maana habari zake zote zinatokana na milima hiyo na maji yake.

NCHI ILIVYO

Ol Kalou iko kusini kidogo ya mstari wa Ikweta, lakini mgeni anayetoka pwani hawezi kuamini. Mji umekaa juu, futi zaidi ya 7,500 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi za kiangazi, hasa mabondeni, umande huganda ukawa barafu nyembamba na kuunguza majani ya viazi. Ardhi nyingi ni tambarare, na mahali pengi udongo ni wa mfinyanzi mzito usiopitisha maji. Mvua ikinyesha sana, maji husimama shambani. Mkulima asiyechimba mitaro huvuna viazi vilivyooza.

Lakini jambo kubwa la nchi hii ni kwamba maji yake hugawanyika. Mto Malewa hukusanya maji ya milima ya Nyandarua na Kipipiri, hupita nchi ya Ol Kalou, kisha hushuka kusini mpaka ziwa la Naivasha. Ziwa hilo halina mto unaotoka, na sehemu kubwa ya maji yake huletwa na Malewa. Kaskazini ya mji ardhi huinuka kidogo tu, wala si mlima. Mtu aweza kuuvuka mwinuko huo kwa baiskeli asiutambue. Ng'ambo yake kuna ziwa Ol Bolossat, lenye viboko na korongo wenye taji. Kutoka hapo huanza mto Ewaso Narok, jina la Kimaasai, na hilo neno narok maana yake ni -eusi. Mto huu huanguka katika maporomoko ya Nyahururu, hupita Laikipia, hujiunga na Ewaso Ng'iro, na kwenda mbali mpaka nchi kavu ya Samburu na kinamasi cha Lorian.

Basi matone mawili ya mvua yakianguka jirani, moja laweza kwenda kunyweshea maua ya Naivasha, na la pili likanywewa na ngamia. Ndiyo sababu ninauita mji huu mji unaogawa maji.

WALIOKUWAKO KWANZA

Majina ya nchi hii yanatuambia nani waliichunga zamani. Ol Kalou, Ol Bolossat, Ol Joro Orok: hiyo "Ol" ni ya lugha ya Kimaasai. Wamaasai walilisha ng'ombe wao katika nyanda hizi. Katika mwaka wa 1883 alipita Mskoti Joseph Thomson, akaiita milima hiyo Aberdare, kwa jina la bwana mkubwa wa chama cha wanajiografia huko London. Wenyeji hawakuulizwa.

Katika mwaka wa 1904 serikali ya kikoloni ilifanya mapatano na Wamaasai ili watoke Bonde la Ufa, na wengi wakahamia Laikipia. Waliambiwa kwamba mapatano yatadumu maadamu kabila lao lipo. Hayakudumu miaka kumi. Katika mwaka wa 1911 yalifanywa mapatano mengine, na wale wa Laikipia wakahamishwa kusini. Wamaasai walikwenda kortini, katika kesi ijulikanayo kwa jina la Ole Njogo, lakini katika mwaka wa 1913 kesi yao ilitupwa. Mkulima wa leo ni vizuri ajue jambo hili, asije akadhani kwamba nchi aliyopewa ilikuwa haina mwenyewe.

RELI NA MASHAMBA MAKUBWA

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kuanzia mwaka wa 1919, mashamba mengi ya nyanda za juu yaligawiwa askari wa Kizungu waliotoka vitani. Mashamba yalikuwa makubwa, ya ng'ombe, kondoo, ngano na baadaye pareto. Kazi ilifanywa na Waafrika waliokaa humo kama maskwota, wasiokuwa na haki ya ardhi waliyoilima.

Kilichofanya Ol Kalou iwe mji ni reli. Katika mwaka wa 1929 tawi la reli kutoka Gilgil lilifika Thomson's Falls, ndiyo Nyahururu ya sasa, likipitia Ol Kalou. Penye stesheni hutokea bohari. Penye bohari hutokea duka. Na penye duka watu hawakosi. Baadaye malori yaliishinda reli, nayo ikakaa miaka mingi bila gari la moshi, mpaka serikali ilipoirudia kuitengeneza katika miaka ya 2020.

Wakati wa Hali ya Hatari, iliyoanza mwaka wa 1952, misitu ya Nyandarua ilikuwa maficho ya wapiganaji wa Mau Mau. Kiongozi wao Dedan Kimathi alikamatwa mwezi wa Oktoba 1956. Kiini cha vita vile kilikuwa ardhi, ile ile tunayoipima leo kwa kamba.

SKIMU ZA MAKAZI

Katika mwaka wa 1960 sheria ya kuwatengea Wazungu nyanda za juu ilikomeshwa. Katika mwaka wa 1962 ulianza mpango wa Ekari Milioni Moja, ambao serikali ilinunua mashamba ya Wazungu na kuyakata kwa ajili ya Waafrika. Katika nchi nzima jamaa 35,000 hivi walipata makazi, na Nyandarua ilikuwa kitovu cha kazi hiyo. Ardhi haikutolewa bure. Mkulima alipewa mkopo wa kulipa kwa miaka mingi, na alipaswa kuuza maziwa na pareto ili apate kulipa.

Karibu na mji wa Ol Kalou mambo yalikwenda kwa njia ya pekee. Kwa sababu ya udongo ule usiopitisha maji, serikali iliona kwamba sehemu iliyoitwa Ol Kalou Salient haifai kukatwa vipande vidogo mara moja. Kuanzia mwaka wa 1964 ilifanywa kuwa mashamba makubwa ya ushirika, kila mwanachama akiwa na kishamba chake kidogo cha chakula, na shamba kubwa likilimwa kwa pamoja. Lakini watu walitaka kila mtu ajue mpaka wake, na baadaye mashamba hayo pia yaligawiwa wanachama. Wenye mji nao waliongezeka, na leo Ol Kalou ni makao makuu ya Kaunti ya Nyandarua.

HESABU YA WAJUKUU

Sasa tufanye hesabu kama darasani. Tuseme mzee alipata ekari 15 katika skimu. Ana watoto watano: kila mmoja apata ekari 3. Kila mtoto akizaa watatu, mjukuu apata ekari 1. Ng'ombe wawili wa gredi, nyumba, viazi na majani ya kulishia havitoshi katika ekari 1. Basi mjukuu hutazama kando, anaona kinamasi na ukingo wa mto, anasema, "Hapa hapana mtu." Analima mpaka majini.

Hapo ndipo hatari ilipo. Ol Bolossat ni ziwa la kina kifupi, na miaka ya ukame limepungua mpaka watu wakalisha ng'ombe mahali palipokuwa maji. Katika mwaka wa 2018 serikali ilitangaza kwamba ni ardhi oevu iliyolindwa. Lakini tangazo halizuii jembe. Anayezuia jembe ni mwenye kulishika.

Kanuni za mwaka wa 2006 zasema ukingo wa mto uachwe bila kulimwa, usipungue mita 6 wala usizidi mita 30, kupimwa kutoka alama ya juu ya mafuriko. Tuseme shamba lako linagusa mto kwa mita 200. Ukiacha mita 6, umeacha mita za mraba 1,200, ambazo hazifiki hata theluthi moja ya ekari. Na hapo si hasara, kwa maana waweza kukata majani ya ng'ombe bila kuchimbua udongo.

Tena fanya haya:

1. Usipande mikaratusi karibu na chemchemi au mto. Panda mianzi na miti ya kienyeji. Kanuni za mwaka wa 2009 zataka sehemu moja ya kumi ya shamba iwe na miti.

2. Chimba mitaro ya kutoa maji viazini, lakini usiielekeze moja kwa moja mtoni, isije ikachukua udongo na mbolea. Ipitishe kwanza katika majani.

3. Kabla ya kukata shamba, kaeni kama jamaa, mke na mabinti wakiwamo. Yafaa kugawana mazao na kazi kuliko kugawana vipande visivyolisha mtu. Na ukitaka kuuza, sheria yataka kibali cha Bodi ya Ardhi na idhini ya mwenzi wako wa ndoa.

Wamaasai waliondolewa katika nchi hii kwa karatasi, na maskwota walifanya kazi humo bila karatasi. Wewe mkulima wa skimu una karatasi mkononi. Lakini hati ya ardhi haitaji mvua wala haishiki mto. Ofisi ya kilimo ya wadi yako ipo. Nenda ukamwombe Bwana Shamba aje mpime naye ukingo wako kabla ya mvua ndefu, mpande miti maji yakiwa bado yapo. Chini yako, Naivasha na Samburu, kuna watu msiojuana wanaongojea hayo maji unayoyapitisha.