Siri za mwili wa mbu na msako wa sumu mpya katika mimea

JUA linapozama juu ya mashamba ya miwa ya Awendo, katika Kaunti ya Migori, mbu huanza kutafuta damu. Ni mdudu mwepesi kuliko punje ya mchele, lakini ndiye anayewalaza kitandani watoto wengi wa eneo la Ziwa Victoria kwa ugonjwa wa malaria.

Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2020 ulionyesha kuwa katika kaunti za eneo la ziwa hilo, watoto 19 kati ya kila 100 waliopimwa walikuwa na vimelea vya malaria katika damu. Wastani wa nchi nzima ulikuwa watoto 6 kati ya 100.

Kwa miaka mingi, ngao kuu ya familia imekuwa chandarua kilichotiwa dawa. Hata hivyo, ngao hiyo imepungua makali kwa sababu mbu wengi wamejenga usugu dhidi ya dawa yenyewe. Ndiyo maana wataalamu wanauchunguza upya mwili wa mbu, na kuitazama upya mimea.

Mbu jike peke yake ndiye anayeuma. Dume na jike wote hujipatia nguvu kwa kunywa maji matamu ya maua, lakini jike huhitaji protini iliyomo katika damu ili mayai yake yakomae. Humtambua mtu kwa hewa ya kaboni dayoksaidi anayoitoa anapopumua, kisha kwa harufu ya ngozi na joto la mwili.

Akishashiba huwa mzito, hivyo mara nyingi hutua ukutani ili apumzike na kuyeyusha damu hiyo. Hapo ndipo dawa iliyopulizwa ukutani humpata: hupenya kupitia miguu yake na kuingia mwilini. Chandarua nacho humpata kwa njia hiyo hiyo anapotua juu yake akitafuta upenyo.

Lipo jambo jingine lenye uzito. Vimelea vya malaria huhitaji takriban siku 10 hadi 14 ndani ya mwili wa mbu kabla ya kuweza kumwambukiza mtu mwingine. Kwa hiyo mbu wa hatari ni yule aliyeishi siku nyingi. Sumu inayofupisha maisha yake kwa siku chache tu hukata mnyororo wa maambukizi.

Mmea uliofungua njia ya kupata sumu ya namna hiyo ni pareto, ua jeupe ambalo wakulima wa Kenya, wakiwamo wa nyanda za juu za Kisii zisizo mbali na Awendo, wamelilima kwa miongo mingi. Sumu yake huziacha wazi njia ndogo za kupitishia chumvi ya sodiamu katika neva za mdudu. Neva hutuma ishara bila kukoma, naye mbu hutetemeka, huanguka na kufa.

Kasoro ya pareto ni kwamba nguvu yake huharibiwa upesi na mwanga wa jua. Mwaka 1973, watafiti wa Rothamsted nchini Uingereza, wakiongozwa na Michael Elliott, walitangaza dawa ya permethrin, iliyoundwa kwa kuiga pareto lakini yenye kustahimili jua. Dawa za ukoo huo ndizo zilizokuja kutumika katika vyandarua.

Tatizo likaanzia hapo. Mwaka 2000 wanasayansi walieleza badiliko la kurithi katika neva za mbu wa magharibi mwa Kenya, linaloizuia sumu hiyo kushika. Mbu wengine huzalisha kwa wingi vimeng'enya vinavyoivunjavunja sumu kabla haijafika kwenye neva.

Hivyo si kila kitokacho kwenye mmea ni silaha mpya. Mbu aliyekwisha kuzoea dawa za kuiga pareto anaweza kuihimili hata pareto yenyewe, kwa kuwa zote hulenga mahali pamoja. Kinachotafutwa ni mmea unaolenga mahali pengine mwilini.

Mwarobaini ni mfano mmoja. Kemikali yake iitwayo azadirachtin huvuruga homoni zinazomwezesha kiluwiluwi kujivua ngozi na kukua, akafa majini kabla ya kuota mabawa. Nayo pia huharibiwa na jua, na hilo ni gumu kwa mahali ambako mbu huzaliana hata katika vidimbwi vya nyayo za ng'ombe na magurudumu ya trekta.

Mimea mingine haiui, bali hufukuza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002, ambao wataalamu wa kituo cha icipe walishiriki, ulionyesha kuwa mmea wa jamii ya mrihani ukipandwa chunguni na kuwekwa karibu na mtu ulipunguza mbu kwa takriban asilimia 40. Ni msaada, lakini mbu 6 kati ya 10 bado walipita.

Ufuta nao una fundisho. Mwaka 1940 ilibainika kuwa mafuta yake huongeza ukali wa pareto. Kemikali ya piperonyl butoxide, iliyofuata nyayo za ugunduzi huo, huvizuia vimeng'enya vya mbu visiivunje sumu. Leo inatiwa katika baadhi ya vyandarua vipya.

Thamani ya kubadili shabaha imeonekana Migori kwenyewe. Nyumba zilipoanza kupulizwa dawa ya ukoo mwingine mwaka 2017, mbu wa aina ya Anopheles funestus walipungua sana.

Msako wa mimea unaendelea, lakini majani yanayofukizwa nyumbani hayajaweza kuchukua nafasi ya kinga zilizopo. Mtoto wa Awendo bado anapaswa kulala ndani ya chandarua kila usiku, na akipata homa, apelekwe kupimwa bila kuchelewa.