Wabunifu wa vifungashio, dafu la Mama Ngina lina funzo kwenu

UKISHUKA Mama Ngina jioni, kabla hujaonja chochote, angalia kwanza chakula kimefungiwa nini. Muhogo wa kuchoma uko kwenye kipande cha gazeti. Viazi karai vimo ndani ya bahasha ya khaki. Kachri na mabuyu vimefungwa kwenye plastiki inayoonyesha ndani. Halafu kuna dafu, ambalo halijafungwa na mtu yeyote.

Lichunguze hilo dafu vizuri. Kuna ganda la nje, makumbi, kisha kifuu. Maji yaliyo ndani hayaguswi na vumbi wala vijidudu hadi panga lipite. Likishakatwa lazima unywe, maana yakikaa juani yanachacha. Nalo ganda ukilitupa linaoza, au makumbi yakikauka yanakuwa kuni. Kwa ufupi, linalinda chakula kwa muda unaotakiwa, kazi ikiisha linaondoka.

Plastiki inaweza nusu ya kwanza tu. Inalinda sana, ila haiondoki.

Serikali imejaribu. Tangu Agosti 28, 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea ni marufuku Kenya, na ukipatikana na hatia faini inaweza kufika Sh4 milioni au kifungo cha hadi miaka 4. Juni 5, 2020 ikafuata marufuku ya plastiki za kutumiwa mara moja, kama vile chupa, vikombe, sahani na mirija, katika mbuga, misitu na fuo za bahari zilizo chini ya hifadhi. Lakini marufuku ya 2017 iliacha nje plastiki inayofunga bidhaa pale inapotengenezwa. Ndiyo maana pakiti za krispi na mkate bado unaziona madukani.

Na tuwe wakweli, kuziondoa si rahisi. Chakula kikiharibika, jasho la mkulima, maji na kuni za kupikia vyote vimepotea. Kifungashio kibovu nacho kinachafua mazingira kwa njia yake.

Sasa wewe kijana unayetaka kubuni kitu bora, anza na swali moja: chakula hiki kitakaa muda gani kabla ya kuliwa?

Dakika kumi

Muhogo wa moto unaliwa hapo hapo, ukitazama meli zikiingia Kilindini. Ukiufunga kwa plastiki, mvuke unakosa pa kutokea, unageuka maji na muhogo unalegea. Karatasi inaacha mvuke upite. Gazeti nalo lina wino ambao haukutengenezwa uliwe, na mafuta moto yanaubeba hadi kwenye chakula. Karatasi safi isiyochapwa inatosha. Au rudi kwa jani la mgomba: lina nta ya asili, halivuji, na ukilipitisha motoni kidogo linalainika bila kupasuka. Waganda hupikia luwombo ndani yake hadi leo.

Siku moja

Chakula cha kubeba kwenda kazini kinahitaji kitu kisichopenya mafuta. Hapa angalia baharini. Mwaka 2019, kwenye mbio za London Marathon, wakimbiaji walipewa kinywaji ndani ya vifuko vya mwani: unatia mdomoni, unapasua, unameza chote. Kampuni iliyovitengeneza, Notpla, ilianza kama mradi wa wanafunzi wawili huko London, na mwaka 2022 ikashinda tuzo ya Earthshot. Inatengeneza pia maboksi ya chakula yaliyopakwa mwani ndani badala ya plastiki.

Mwani tunao. Akina mama wa Kibuyuni, Kwale, wanaulima. Aina yao si ile ya Notpla, lakini nao hutoa ute unaoganda, karajinani, unaotumika kwenye vyakula na dawa ya meno. Kuugeuza kuwa tabaka jembamba la kuzuia mafuta ni kazi inayomsubiri mtu wa maabara aliye karibu na pwani.

Wiki na miezi

Hapa ndipo kazi ipo. Adui wa kachri ni unyevu, na hewa ya Mombasa unaijua. Karatasi tupu haiwezi. Pakiti za viwandani zinazong'aa ndani zina matabaka ya plastiki na alumini yaliyogandana, na kuyatenganisha ili yatumike tena ni shida. Bioplastiki ya mahindi nayo isikudanganye kwa jina: ile aina ya kawaida inahitaji joto la karibu nyuzi 60 kwenye mtambo wa mboji. Ikianguka baharini, itakaa.

Kwa safari ndefu, huenda jibu likawa chombo kinachorudi: mkebe au chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana, mteja anaacha amana na kuichukua akirudisha.

Unaweza kuanza majaribio nyumbani. Chukua kachri za siku moja, zifunge kwa njia tatu tofauti, zipime kwenye mizani ya jikoni kila asubuhi kwa wiki mbili. Pakiti inayoongezeka uzito inaingiza unyevu. Andika, kisha onja. Ukiwa na daftari hilo, ukienda kwa mwekezaji au mwalimu wako huendi na maneno matupu.

Mwisho, piga hesabu ya muuzaji. Kama kifungashio chako kinakula faida yake ya pakiti moja, atakusifu, atakushukuru, na kesho atarudi kwenye plastiki. Bei ni sehemu ya ubunifu pia. Muulize yeye kwanza, kabla ya kuchora chochote.