Rangi za Msimu: Nani Anazichagua, na Ninyi Wawili Mchukue Ipi?

Kabla hamjaipa kamati rangi ya harusi, au fundi rangi ya sebule, someni hapa kwanza.

Pita Kariakoo wiki chache kabla ya msimu wa harusi uone. Kina dada wameshika vipande vya kitambaa vidogo kama stempu, wanaingia duka hili, wanatoka lile, wanalinganisha. "Kaka, unayo hii lakini iliyokolea kidogo?" Muuza duka anashusha gora la tano. Na nyumbani kuna bwana harusi mtarajiwa ambaye kila akiulizwa anajibu yale yale: "Chagua wewe tu, mimi sina neno."

Neno analo, tena kubwa. Ila bado hajalijua. Atalijua siku atakapoletewa tai.

Rangi inaonekana jambo dogo, lakini kwa wachumba wengi ndiyo uamuzi wa kwanza wa pamoja ambao kila mtu atauona: wazazi, marafiki, kamati, mpaka mpiga picha. Ndani yake kuna pesa, kuna ukweni, na kuna suala la nani ana sauti. Ndiyo maana mwezi huu tumeamua kuifuata rangi ya msimu kuanzia inakozaliwa mpaka inapobisha hodi mlangoni kwako.

Inatoka wapi?

Usidhani rangi huja zenyewe kama mvua. Kuna watu wanakaa na kukubaliana. Mwaka 1915, Vita Kuu ya Kwanza ilipovuruga biashara na Ulaya, watengeneza vitambaa wa Marekani waliunda chama chao cha kutoa kadi za rangi, ili wasiendelee kutegemea Paris. Mwaka 1963 wataalamu wa Ufaransa, Uswisi na Japani wakaanzisha Intercolor, umoja ambao wajumbe wake hukutana mara mbili kwa mwaka kujadili rangi za msimu ulio takriban miaka miwili mbele. Yaani shati utakaloliona dirishani mwakani na kusema "hii ndiyo imeingia", kuna watu walishalijadili wewe ukiwa bado hujamjua mchumba wako.

Mwaka huo huo wa 1963, kampuni ya Pantone ya Marekani, chini ya Lawrence Herbert, ilitoa mfumo wa kuzipa rangi namba. Mchapaji wa New York na mwenzake wa Tokyo wakitaja namba moja, wanapata rangi moja. Kisha kwa mwaka 2000 Pantone ikaanza kutangaza Rangi ya Mwaka. Ya kwanza iliitwa Cerulean, samawati ya anga tulivu. Zikafuata nyingine, kila mwaka na yake: 2013 kijani ya zumaridi, 2015 Marsala, ambayo kwa Kiswahili chetu ni ndugu wa damu ya mzee, 2016 zikatoka mbili kwa mpigo, waridi hafifu na bluu hafifu. 2023 ilikuwa Viva Magenta, nyekundu yenye kelele. 2024 Peach Fuzz, 2025 Mocha Mousse, na 2026 wakachagua Cloud Dancer, yaani nyeupe.

Kama uliangalia filamu ya *The Devil Wears Prada* ya mwaka 2006, unakumbuka Meryl Streep akiigiza mhariri mkali wa jarida la mitindo. Msaidizi wake anacheka alipoona watu wanahangaika na mikanda miwili inayofanana. Bosi anamgeukia na kumwonyesha kwamba hata sweta lake la bluu alilolivaa bila kufikiri lilichaguliwa na watu wa mitindo miaka kadhaa nyuma, likashuka ngazi kwa ngazi mpaka kwenye duka la bei poa. Ukweli ndio huo. Hata asiyefuata mitindo, mitindo inamfuata.

Msimu wao, msimu wetu

Sasa hapo ndipo pa kuwa macho. Wanaosema "rangi za majira ya baridi" wana theluji mlangoni. Desemba, Paris inapovaa nyeusi na zambarau iliyokolea, Dar es Salaam iko kwenye joto la kaskazi, na suti nyeusi kwenye ukumbi usio na kiyoyozi ni adhabu. Rangi za giza hunyonya joto. Hilo halina ubishi wala fasheni.

Sisi tuna misimu yetu. Kipupwe, Juni mpaka Agosti, ndio wakati mzuri wa rangi nzito: damu ya mzee, bluu ya usiku, kijani ya chupa. Kiangazi kinataka rangi nyepesi zinazopumua, kama maziwa, samawati, au manjano iliyopoa. Masika? Gauni jeupe la kuburuza na tope ni maadui wa tangu zamani. Kama harusi yenu ni Aprili, basi angalau sare za wasimamizi ziishie juu ya kifundo cha mguu.

Kwa hiyo Cloud Dancer ikikuvutia, ichukue kwa akili. Nyeupe kwenye picha za jarida inapendeza mno. Nyeupe kwenye sofa la nyumba inayotazamana na barabara ya vumbi, yenye mtoto wa miaka miwili, ni habari nyingine.

Walimu tulionao hapa hapa

Kabla ya Pantone kuwepo, pwani yetu ilishakuwa na watu wanaoishi kwa rangi. Mwone mbunifu wa kanga. Tangu karne ya 19 vitambaa hivi viliposhika kasi Zanzibar na Mombasa, siri yake imekuwa ni kujizuia. Kila rangi inayoongezwa kwenye uchapaji ni kazi na gharama ya ziada, hivyo kanga nyingi zinaridhika na rangi mbili tatu. Pindo linabeba nguvu, mji unatulia, na jina linasema lililobaki. Kisutu, kanga ya harusi ambayo kwa familia nyingi za Pwani bila hiyo bibi harusi hajakamilika, ina tatu tu: nyekundu, nyeusi na nyeupe. Imeona mitindo mingapi ikija na kuondoka? Yenyewe ipo.

Na tazama kitu kizuri: hizo tatu ndizo rangi ambazo Kiswahili kina maneno yake ya asili, -ekundu, -eusi na -eupe. Nyingine tumeziita kwa vitu tunavyovigusa. Kahawia ni kahawa, kijivu ni jivu, kijani ni jani, zambarau na chungwa ni matunda, manjano ni kile kiungo cha pilau na mchuzi. Kwa hiyo wenzetu walipotangaza Mocha Mousse, sisi tulikuwa nayo kikombeni, kahawa iliyotiwa maziwa. Mkikwama kuchagua, anzieni hapo. Badala ya kusema "tunataka pichi", semeni "rangi ya embe dodo lililoiva upande mmoja". Mpambaji atawaelewa haraka zaidi, na ninyi wawili mtajua kama kweli mnawaza kitu kimoja.

Mwalimu wa pili ni Edward Saidi Tingatinga, kijana wa Tunduru aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Hakuwa na rangi za msanii wa chuoni. Alitumia rangi za mafuta za kupakia baiskeli juu ya vibao vya dari, akachora chui na ndege wanaong'aa. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu baadaye, lakini ndugu na wanafunzi wake waliendelea, na mpaka leo wachoraji wa Tingatinga wanafanya kazi bega kwa bega pale Oysterbay. Somo lake kwa wapenzi wenye bajeti ndogo? Makopo machache yaliyotumika kwa ujasiri yanashinda makopo mengi yaliyotumika kwa woga.

Halafu kuna watu wa jukwaani. Mustafa Hassanali alipoanzisha Swahili Fashion Week mwaka 2008, wabunifu wa ukanda huu walipata mahali pa kuonyeshana kazi na kuangaliana. Hapo ndipo ubunifu unapozaliwa: mmoja anajaribu kanga kwenye gauni la jioni, mwingine anaiona, anaipeleka mbele. Ukitaka kujua rangi zitakazopendeza kwenye ngozi yako na kwenye jua lako, angalia hawa kwanza, halafu ndiyo Paris.

Sare inapogeuka mzigo

Tuje kwenye jambo ambalo watu hawalisemi kwa sauti. Mnachagua rangi adimu kwa sababu mmeiona imependeza kwenye simu. Inapatikana duka moja tu. Ndugu 40 wanaambiwa kila mmoja anunue mita tatu, hizo ni mita 120, na bado fundi hajalipwa. Mchango wa harusi nao unasubiri. Shangazi aliyekubeba mgongoni anapiga simu, anasema mguu unamsumbua, hataweza kusafiri. Mguu hauumi. Ameshindwa sare, na hawezi kukwambia.

Rangi iliyokusudiwa kuwaunganisha watu imemfungia mmoja nje. Picha zitatoka zimepangika, lakini kila ukizitazama utajua nani hayumo.

Njia zipo. Tangazeni familia ya rangi badala ya kitambaa kimoja: "kijani yoyote, kuanzia ya jani bichi hadi ya chupa." Watu watafungua masanduku yao, na ukumbi utapendeza zaidi kwa sababu kijani kumi tofauti zikikaa pamoja zina uhai. Au sare iwe kilemba na tai tu. Au iwe doti moja ya kanga kwa watu wawili, kila mmoja kipande chake, kitu ambacho kesho kitatumika nyumbani, tofauti na lile gauni la satini linalovaliwa siku moja na kuozea kabatini.

Mazungumzo ya jioni moja

Hebu jaribuni hivi. Kila mmoja aandike kwenye karatasi, bila kuchungulia ya mwenzake, rangi tatu anazozipenda na moja asiyoitaka kabisa. Ile moja ni kura ya turufu, haijadiliwi, haichekwi. Pengine nyekundu inamkumbusha msiba, na hajawahi kukwambia. Kisha wekeni karatasi mezani. Mkikuta rangi hata moja inafanana, mmeshapata ya kwanza. Kama hakuna, kila mmoja achague moja kutoka kwenye orodha ya mwenzake. "Mimi sina neno" hairuhusiwi jioni hiyo.

Wazazi nao wapeni nafasi kabla hawajaichukua. "Mama, rangi tumeshapata, ila tunaomba wewe utuchagulie kanga za kugawa." Mkwe aliyepewa heshima ya kuchagua kitu kimoja hapiganii vyote.

Kabla hamjalipa

• Kitoe kitambaa nje ya duka. Taa ya dukani inadanganya. Kitazame juani, kisha kivulini.

• Nunueni chote kutoka gora moja au shehena moja. Rangi ile ile iliyopakwa kiwandani siku nyingine hutofautiana kidogo, na kidogo hicho kinaonekana watu wakisimama pamoja. Rangi ya ukuta ni vivyo hivyo: angalieni namba ya toleo kwenye makopo.

• Muulizeni mpambaji atatumia taa gani. Taa za bluu zinafanya nyekundu ionekane kama nyeusi, na damu ya mzee itapotea kabisa.

• Sugueni kona ya kitambaa kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikichujia hapo, kitachujia na kwenye shati la bwana harusi akitoka jasho.

• Ukutani, pakeni kipande kikubwa kwanza. Kikauke, mkitazame asubuhi, mchana na usiku. Rangi iliyoonekana tulivu kwenye kadi hupiga kelele ikijaza ukuta mzima.

• Gaweni kama kanga inavyogawa: rangi moja tulivu itawale, ya pili isindikize, ya tatu iwe kionjo tu.

Baada ya harusi

Mkishaanza maisha, msikimbizane na rangi ya kila mwaka. Kuta na makochi ni vitu vya miaka mingi, vipeni rangi mtakazozivumilia hata siku mmenuniana. Mitindo iacheni kwenye vitu vidogo: foronya za mito, mapazia, kitambaa cha meza, picha moja ya Tingatinga. Hivyo vinabadilishwa kwa pesa ya wikendi moja, na kama mmepanga, mwenye nyumba hana la kusema.

Mwezi Desemba watatangaza rangi nyingine, na Kariakoo itaijua kabla ya Krismasi. Isikilizeni kama mnavyosikiliza wimbo mpya redioni. Ukiwafaa, chezeni. Usipowafaa, wimbo wenu mnao.