Kabaka Mwanga na Wakuu wa Baraza Lake

Katika nchi hizi za Wasukuma na Wanyamwezi, tangu Kagongwa mpaka pwani ya ziwa, mtemi wa zamani hakutawala kwa shauri lake peke yake. Wazee wa baraza ndio waliomweka, na mtemi mwenye busara hakuwasahau. Ng'ambo ya Ziwa Victoria, katika nchi ya Buganda, mambo yalikuwa mengine. Huko vyeo vingi havikurithiwa. Kabaka alimpa amtakaye, na alimnyang'anya amtakaye. Basi kila mkuu alikuwa akiutazama uso wa mfalme asubuhi na jioni, tena akimtazama jirani yake kwa jicho la pembeni.

Mkuu wa wote aliitwa Katikiro. Yeye ndiye aliyeamua kesi na kuzipeleka amri za mfalme kwa watawala wa majimbo. Chini yao walikuwapo vijana wa nyumba ya mfalme, watoto waliopelekwa na wazee wao ili watumike na kujifunza mambo ya utawala. Yafaa mwaangalie sana vijana hawa, maana ndani ya miaka michache watawaondoa wazee na kukaa mahali pao.

Kabaka Mutesa alikufa Oktoba 1884. Katikiro wake, Mukasa, akawapatanisha wakuu wamweke Mwanga, kijana ambaye hakuwa amefika miaka 20. Labda mzee yule alidhani kwamba kijana ataongozwa kwa urahisi. Lakini Mwanga alipenda kukaa na vijana wenzake, na mpendwa wake mmoja alikuwa Yosefu Mukasa Balikuddembe, msimamizi wa vijana wa nyumbani. (Msichanganye Mukasa hawa wawili.) Mwaka 1885 wakuu wengine walifanya shauri la siri la kumwondoa mfalme, na Katikiro alikuwa miongoni mwao. Wakristo wa barazani walipata habari, wakamwonya Mwanga. Katikiro akaanguka miguuni pa mfalme, akalia, akasamehewa. Lakini hakuwasahau waliomfichua.

Nafasi yake ilikuja upesi. Wadachi walikuwa wamekwisha kujitwalia nchi upande wa pwani, na mara ikasikiwa kwamba Askofu Hannington anakuja kwa njia ya mashariki, kupitia Busoga. Wakuu walimtia Mwanga hofu, wakisema kwamba ajaye kwa mlango wa nyuma amekuja kuila nchi. Askofu akauawa kwa amri ya Mwanga, 29 Oktoba 1885. Balikuddembe alithubutu kumwambia mfalme kwamba amefanya vibaya. Katikiro alilichukua neno lile, akaligeuza kuwa dharau mbele ya mfalme, na tarehe 15 Novemba Balikuddembe akauawa. Mwaka uliofuata wakauawa vijana wengi waliokuwa wakisoma dini. Tarehe 3 Juni 1886 wengi walichomwa moto Namugongo. Apolo Kagwa, mmoja wao, alipigwa vibaya na mfalme mwenyewe, lakini akaachwa hai.

Lililo ajabu ni kwamba baada ya hayo Mwanga aliwapa bunduki vijana waliosalia, Wakristo kwa Waislamu, akawafanya wakuu wa vikosi ili wawatishe wazee. Wazee walitozwa faini, wakalazimishwa kuchimba udongo wa ziwa la mfalme karibu na Mengo, hata wakuu kwa mikono yao. Kisha Mwanga akaanza kuwaogopa vijana wale wale. Septemba 1888 alitaka kuwachukua kwa mitumbwi mpaka kisiwani, awaache huko wafe kwa njaa. Wakaijua hila ile, wakakataa kupanda, wakamfukuza. Kiwewa akatawazwa; Mukasa akapoteza cheo chake.

Mwanga alikimbilia kwetu kusini. Alifika Magu, akakaa mikononi mwa wafanya biashara Waarabu, ambao hawakumtendea kama mfalme. Kisha akatoroka akaenda Bukumbi, kwenye nyumba ya Mapadri Weupe. Kwa hiyo yule aliyewaua wasomaji alilishwa na waalimu wao. Huko Buganda, Waislamu waliwafukuza Wakristo katika Oktoba ile ile, wakamwondoa Kiwewa, wakamweka Kalema. Wakristo waliokimbilia Ankole walimtafuta Mwanga awe mfalme wao tena, na mfanya biashara Stokes akamrudisha kwa chombo chake mwaka 1889. Mwanzo wa 1890 akaketi tena Mengo. Katikiro wake sasa alikuwa Apolo Kagwa, yule aliyempiga.

Amani haikuja. Wakristo wenyewe waligawanyika. Wakatoliki wakaitwa Wafransa, na Waprotestanti wakaitwa Waingereza, ingawa wote walikuwa Waganda. Januari 1892 walipigana Mengo, na upande wa Kagwa ulishinda kwa bunduki walizopewa na Kapteni Lugard. Julai 1897 Mwanga aliasi juu ya Waingereza na wakuu wake, akashindwa, akavuka mpaka, na Wadachi wakamweka Mwanza. Alitoroka tena, akakamatwa 1899, akafa uhamishoni katika visiwa vya Seychelles mwaka 1903.

Mahali pake pakawekwa mwanawe Daudi Chwa, mtoto wa mwaka 1. Uingereza nako, mwaka 1547, Edward wa Sita alirithi kiti akiwa na miaka 9. Mjomba wake Somerset akatawala kwa jina lake, washauri wenziwe wakampindua, na mwaka 1552 akakatwa kichwa. Walezi wa Daudi Chwa walikuwa watatu: Kagwa, Mugwanya wa Wakatoliki, na Kisingiri. Hawa hawakuuana. Katika mapatano ya 1900 waligawa ardhi ya Buganda kwa maili za mraba, na wao wenyewe hawakujipunja. Mfalme alipokua, ulezi ukaisha mwaka 1914, lakini Kagwa alibaki Katikiro mpaka 1926, alipogombana na ofisa mmoja wa Kiingereza juu ya vibali vya pombe, akajiuzulu.