Mji Ulioachwa wa Gede na Hadithi Zake

Mtu asafiriye kutoka Mombasa kwenda Malindi, akisha kuupita msitu wa Arabuko-Sokoke, na zikisalia kadiri ya maili 10 afike Malindi, huwa amekaribia mji usio na wenyeji. Akiwa njiani hauoni, maana umefunikwa na miti mirefu. Lakini akiingia chini ya miti hiyo ataona kuta za mawe, milango yenye matao, misikiti, makaburi na visima. Huo ndio mji wa Gede, ambao watu waliuhama yapata miaka 400 iliyopita, wala hawakurudi tena kukaa.

Mahali palipoachwa hapakosi hadithi, na Gede inazo nyingi. Yasimuliwa kwamba roho za wazee wa mji zingali zikiulinda, na ya kuwa mtu achukuaye kitu cha humo, hata kikiwa kigae tu, atapatwa na msiba. Wengine husema kwamba apitaye peke yake wakati wa magharibi husikia nyayo nyuma yake, naye akigeuka haoni mtu. Hata Bwana James Kirkman, mtaalamu aliyeanza kuchimba huko mwaka 1948, aliandika kwamba hapo mwanzo alijiona kana kwamba yuko mtu nyuma ya kuta anayemtazama, si kwa uadui wala kwa urafiki.

Hatusemi hayo ili kuwacheka wanaoamini. Lakini ni vema wasomaji wetu wajue yaliyo ya hakika juu ya mji huu, kwa maana hayo nayo ni ya ajabu.

Gede ilikuwa mji mkubwa wa Waswahili, wa eneo la ekari kama 45, uliozungukwa na ukuta wenye kimo cha futi 9. Mlikuwa na jumba la mfalme, msikiti mkuu, na nyumba za matajiri zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Nyumba hizo zilikuwa na vyoo, na nyua za kupokelea wageni. Watu wa hali ya chini walikaa katika nyumba za udongo, ambazo zimekwisha kuoza. Kwa hiyo tuonayo leo ni sehemu tu ya mji. Kaburi moja limeandikwa mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399, na mji ulikuwapo kabla ya hapo.

Wenyeji wake walifanya biashara na nchi za mbali. Katika nyumba zao zimeonekana sahani na bakuli za Kichina, kauri, shanga, fedha za shaba za China na mkasi wa chuma. Wachimbaji walizipa nyumba majina kwa vitu hivyo, kama Nyumba ya Mkasi na Nyumba ya Kauri.

Basi, kwa nini waliondoka? Hapa wataalamu hawana neno moja. Wengine hutaja vita: mwaka 1589 Wazimba walipita pwani wakiteka miji, na baadaye Waoromo walisukuma kutoka kaskazini. Wengine hutaja kwamba mwaka 1593 mfalme wa Malindi alihamia Mombasa pamoja na Wareno, na biashara ya upande huo ikapungua. Wengine hutaja maji, maana yaonekana visima vilichimbwa tena kwenda chini zaidi, dalili kwamba maji yalikuwa yakikimbia. Labda sababu hizi zilifuatana. Jambo la kustaajabisha ni hili: Wareno walikaa Malindi karibu miaka 80, lakini katika maandishi yao yajulikanayo jina la Gede halionekani.

Watu wengi hudhani kwamba aliyechimba alitafuta dhahabu. Sivyo. Udongo hujikusanya tabaka juu ya tabaka, la zamani likiwa chini na la karibuni likiwa juu. Kigae cha Kichina kikionekana katika tabaka fulani, na mtindo wake ukijulikana ni wa wakati gani, basi twajua sakafu iliyo karibu nacho ilitumiwa lini. Lakini mtu akikichimbua kwa siri na kukitia mfukoni, hata akikirudisha kesho, kigae hicho kimekwisha kuwa bubu, kwa sababu hakuna ajuaye kilitoka tabaka gani. Ndiyo sababu mtafuta hazina huharibu hazina yenyewe.

Tukifikiri hivyo, twaona kwamba hadithi ya wazee walinzi ilikuwa na faida yake. Gede ilitangazwa na Serikali kuwa mahali pa kuhifadhiwa mwaka 1927. Lakini kwa miaka mingi kabla ya hapo hapakuwa na askari wala sheria ya kuulinda mji huo. Aliyeogopa msiba hakugusa, na asiyegusa alihifadhi. Na mwenye kukataa kuingia usiku hakukosa akili, maana visima virefu vilivyo wazi na kuta zilizopasuliwa na mizizi ya miti huua watu bila msaada wa roho yo yote.

Mwaka 2024 Gede iliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Lakini magofu kama haya yako mengi katika pwani yetu, makubwa na madogo, na mengi hayana mlinzi. Kwa hiyo machifu wawakataze watu kuchukua mawe ya magofu kwa kujengea au kuchomea chokaa, tena waweke ua penye visima. Walimu nao wawatume wanafunzi kwa wazee wa kijiji, waandike hadithi za magofu yaliyo karibu nao kama zilivyosimuliwa, bila kupunguza wala kuongeza. Ukuta ukianguka waweza kupimwa kwa misingi yake. Lakini mzee akifa na hadithi yake haijaandikwa, hapana msingi unaobaki wa kuichimbua.