Je, Wajua? Programu ya Mikataba Nayo Ina Mkataba Wake

Programu ya kusimamia mikataba huhifadhi nakala za mikataba ya taasisi, hukumbuka tarehe zake, na humzindua mhusika kabla mkataba haujaisha, dhamana ya benki haijapitwa na wakati au awamu ya malipo haijachelewa. Kwa mwenye mikataba mitano, kalenda ya ukutani inatosha. Mikataba ikifika mia mbili kalenda hushindwa, na faili la karatasi linaloazimwa leo na mhasibu, kesho na mwanasheria, huwa halionekani siku linapohitajika.

Mkoa wa Simiyu una mikataba ya kutosha kufika huko. Mkoa huu ulianzishwa rasmi Machi 2012, makao yake makuu yakiwa Bariadi, na una halmashauri sita: Bariadi Mji, Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Kila moja hufunga mikataba na wajenzi wa madarasa na zahanati, na wazabuni, na wapangaji wa vibanda vya soko. Kuna pia mikataba mizito yenye pande nyingi, kama ile ya mradi wa kutoa maji Ziwa Victoria kwenda wilaya za mkoa, ambao Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha fedha zake mwaka 2017 kupitia KfW, benki ya maendeleo ya Ujerumani. Upande wa biashara, pamba ndiyo inayozaa karatasi nyingi kuliko zote. Mwenye kinu cha kuchambua pamba ana mikataba na vyama vya msingi vya ushirika, yaani AMCOS, na wasafirishaji, wauza pembejeo, benki, wanunuzi wa nyuzi na wanunuzi wa mbegu. Wilayani Meatu, kampuni ya bioRe imekuwa ikinunua pamba ya kilimo hai tangu miaka ya 1990 kwa mikataba na wakulima wenyewe, inayowahakikishia soko na nyongeza juu ya bei. Kwa ununuzi wa namna hiyo, kila kaya inayolima ni mkataba unaojitegemea.

Programu za kazi hii zimegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza halisakinishwi: mtumiaji hufungua kivinjari, huandika anwani na neno la siri, basi. Taasisi za umma Tanzania ziko humo. NeST, mfumo wa ununuzi wa umma uliojengwa na Watanzania na kuanza kazi Julai 2023 ukichukua nafasi ya TANePS, una sehemu ya kusimamia mikataba baada ya zabuni kutolewa, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 imeupa nguvu. Vyama vya ushirika navyo vina MUVU, mfumo wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Ofisa wa halmashauri pale Bariadi hana haja ya kujua leseni ya NeST inaisha lini, hilo halimhusu. Kundi la pili ni programu ambazo kampuni hununua na kuziweka kwenye seva yake yenyewe, na huko ndiko maswali ya usakinishaji na leseni yanakozaliwa.

Programu ya kundi hili huwa na sehemu tatu: hifadhidata inayotunza mikataba, huduma inayofanya kazi kimyakimya kwenye seva, na dirisha analoliona mtumiaji kwenye kompyuta yake. Leseni hukaa katikati na kuamua nani apite. Mgawanyo huo ndio msingi wa utatuzi wote, kwa sababu mtumiaji huripoti kila hitilafu kwa maneno yaleyale, kwamba programu imegoma. Fundi mzuri huuliza imegomea wapi. Dirisha lisipofunguka kabisa, tatizo huwa ni la usakinishaji. Likifunguka kisha likakataa kumwingiza mtu au kuhifadhi mkataba mpya, leseni ndiyo ya kushukiwa kwanza. Ikiwa seva yenyewe inafungua vizuri lakini kompyuta za ofisini hazifungui, mtandao wa ndani ndio wenye kasoro. Dakika tatu za maswali hayo huokoa siku nzima ya kufuta programu na kuisakinisha upya, tiba ambayo mafundi wengi huikimbilia na ambayo wakati mwingine hufuta pia leseni iliyokuwa haina kosa.

Usakinishaji huharibika kwa sababu chache zinazojirudia. Ya kwanza ni faili lisilokamilika: bando limekatika katikati ya upakuaji, au nakala imehamishwa kwa fleshi yenye hitilafu. Watengenezaji makini huchapisha alama ya SHA-256 ya faili, tarakimu 64 zinazobadilika kabisa hata kama faili limepungua herufi moja tu. Windows ina amri ya certutil inayokokotoa alama hiyo, na kulinganisha ni kazi ya nusu dakika. Sababu ya pili ni mamlaka: programu inayosajili huduma ya seva haiwezi kusakinishwa na mtumiaji wa kawaida, inahitaji akaunti ya msimamizi. Ya tatu ni vitegemezi, hasa toleo la .NET ambalo programu inalidai, na ambalo kisakinishi hujaribu kulipakua kutoka intaneti ambayo huenda haipo.

Windows hutoa namba za makosa ambazo nyingine si makosa. Namba 3010 maana yake kazi imekamilika na kompyuta inadai kuwashwa upya. Namba 1618 husema kuna usakinishaji mwingine unaendelea, mara nyingi masasisho ya Windows yenyewe, na dawa yake ni kusubiri. Namba 1603 ndiyo sugu, kwa kuwa haisemi lolote zaidi ya kwamba usakinishaji umeshindikana. Chanzo hutafutwa kwenye logi, faili la maandishi ambalo kisakinishi huandika kila hatua yake. Mistari michache juu ya pale palipoandikwa "return value 3" ndipo kosa halisi huonekana, iwe ni folda iliyozuiwa au huduma iliyokataa kuwaka.

Hifadhidata nayo ina mpaka ambao watu hukutana nao baada ya miaka, wakiwa wameshasahau nani alisakinisha. Programu nyingi za kampuni ndogo hutumia SQL Server Express, ambayo ni ya bure, lakini matoleo yake ya 2008 R2 hadi 2022 hayakubali hifadhidata moja kuvuka gigabaiti 10. Kurasa za mikataba zilizoskaniwa kwa rangi hujaza nafasi hiyo upesi kuliko mtu anavyodhani. Ikijaa, programu hukataa mkataba mpya, na ofisi hulaumu leseni bure.

Leseni ya programu kuwa kitu cha kulipiwa peke yake ni jambo la juzi tu. Juni 1969 kampuni ya IBM ilitangaza kwamba ingeanza kuuza programu mbali na mashine. Kabla ya hapo, mnunuzi wa kompyuta alipewa programu kama sehemu ya ununuzi. Kuanzia hapo watengenezaji walitafuta njia za kuhakikisha aliyelipa ndiye anayetumia. Miaka ya 1980 baadhi yao walitoa kifaa kidogo cha kuchomeka nyuma ya kompyuta, ambacho kisipokuwepo programu haifunguki. Leo kazi hiyo hufanywa na faili dogo lililotiwa saini ya kidijitali. Saini hiyo hukokotolewa kutokana na yaliyomo ndani ya faili, kwa hiyo mtu akilifungua kwa Word "kuangalia tu" kisha akalihifadhi, alama za nukuu au miisho ya mistari hubadilika na leseni halali hukataliwa. Faili la leseni huhamishwa jinsi lilivyo, bila kuguswa.

Swali zito zaidi ni leseni inahesabu nini. Leseni ya jina humhesabu mtu: wafanyakazi kumi na wawili, leseni kumi na mbili, hata kama saba kati yao hufungua programu mara moja kwa mwezi. Leseni elea huhesabu walio ndani kwa wakati mmoja, kama viti vya basi la Mwanza, abiria akishuka mwingine hukalia. Ofisi ya kinu ambayo watu wengi hugusa mikataba lakini wachache tu kwa saa ileile hufaidika na aina hii ya pili. Ina kero yake, hata hivyo. Umeme ukikatika ghafla, kompyuta ya ofisa huzimika bila kuiaga seva iliyo kwenye UPS. Seva huendelea kuamini kwamba yumo. Umeme unaporudi, ofisa huyohuyo huambiwa leseni zote zinatumika, naye anayeitumia ni yeye mwenyewe wa robo saa iliyopita. Msimamizi hufungua orodha ya vikao na kukitoa kile mfu, au hupanga muda ambao kikao kisichofanya kazi hujifuta chenyewe.

Leseni ya mashine huhesabu kompyuta, na mara nyingi huitambua kwa anwani ya MAC, namba ya tarakimu 12 iliyomo kwenye kadi ya mtandao. Hapa ndipo ofisi zinazotumia modemu za kuchomeka huumia. Leseni ikisajiliwa wakati modemu imechomekwa, programu inaweza kuchukua anwani ya modemu hiyo badala ya ile ya kadi ya ndani. Siku modemu inapoazimwa na idara nyingine, programu huona kompyuta ngeni na kufunga mlango. Windows 10 na 11 zina pia mpangilio wa kubadilisha anwani ya Wi-Fi kwa nasibu, wenye faida kwa faragha lakini hatari kwa leseni. Inafaa kusajili kwa kadi ya waya iliyo kwenye madabodi, modemu zote zikiwa zimechomolewa.

Kwenye mtandao wa ndani, mifumo mingi ya leseni elea duniani hutumia FlexNet, ambayo kwa kawaida husikiliza kwenye mlango namba 27000. Fundi hufungua mlango huo kwenye faiawoli, hujaribu, na bado kompyuta za ofisini hazipati leseni. Sababu ni kwamba FlexNet ina wahudumu wawili: wa kwanza hupokea maombi kwenye 27000, wa pili ndiye hutoa leseni, na huyo huchagua mlango wowote kila seva inapowashwa. Asipopangiwa namba ya kudumu ndani ya faili la leseni, faiawoli itamzuia leo, kesho na keshokutwa.

Muda nao una mitego. Betri ndogo ya volti 3 kwenye madabodi ikichoka, kompyuta husahau tarehe na kurudi miaka mingi nyuma kila inapozimwa. Programu huona saa imerudishwa na huchukulia kuwa mtu anajaribu kurefusha leseni kwa hila. Betri mpya, kisha kurekebisha saa, mara nyingi humaliza shauri. Tena, leseni ya kigeni inayoisha "usiku wa manane" haifuati saa za Bariadi. Kwa saa ya kimataifa ya UTC, hiyo ni saa 9 usiku hapa. Kwa saa ya California, ni saa 4 au saa 5 asubuhi, kutegemea majira ya kule, watu wakiwa kazini. Hatari kubwa kuliko hizo iko kwenye mikataba yenyewe inapoingizwa kutoka jedwali la Excel. Kompyuta iliyopangwa kwa Kiingereza cha Marekani husoma 05/06 kama Mei 6, si Juni 5, na 25/06 huiacha kama maandishi kwa kuwa hakuna mwezi wa 25. Matokeo yake tarehe nyingine zimegeuka kimya na nyingine hazihesabiwi kabisa. Hakuna ujumbe wa kosa unaotokea. Mpangilio wa tarehe hukaguliwa kabla ya kuingiza mkataba wa kwanza.

Ofisi isiyo na intaneti ya uhakika haizuiwi kutumia programu hizi. Watengenezaji wengi huruhusu uamilishaji wa nje ya mtandao: programu hutoa msimbo wa ombi, msimbo hupelekwa kwa fleshi hadi kompyuta yenye mtandao, na jibu hurudishwa kwa njia ileile. Lakini baadhi ya leseni za kulipia kwa mwaka hudai kuwasiliana na mtengenezaji kila baada ya kipindi fulani, na hilo linapaswa kuulizwa kabla ya kulipa.

Ipo pia njia ya mkato, programu iliyokrakiwa, inayopatikana kwa bei ya soda. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazilinda programu za kompyuta, kwa hiyo ni kosa. Pia haipati masasisho ya usalama, na aliyeivunja kufuli anaweza kuwa ameacha mlango wake mwenyewe. Mikataba ya wakulima ina majina, namba za simu na akaunti za benki, ambazo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka mtunzaji azilinde. Sheria hiyo pia inaweka masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi, jambo linalomgusa anayechagua programu ambayo seva zake ziko Ulaya au Marekani. Kuhusu nguvu ya nakala za kielektroniki zenyewe, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inazitambua pamoja na saini za kielektroniki.

Tarehe ya kuhuisha leseni hupangwa na mnunuzi mwenyewe wakati wa kununua, ingawa wengi hupokea yoyote inayoangukia. Kwa kampuni ya pamba Simiyu, Mei na Juni ni miezi mibaya, kwa kuwa ndipo ununuzi unapofunguliwa na kila mkataba unatakiwa mezani. Septemba au Oktoba, ununuzi ukiwa umepungua na upandaji haujaanza, ni afadhali. Kompyuta inapobadilishwa, leseni huachishwa kwanza kwenye mashine ya zamani ingali inawaka, la sivyo mtengenezaji ataihesabu kuwa bado inatumika na atadai ushahidi. Katika mkataba wa leseni kisomwe pia kipengele kinachoeleza nini hutokea leseni ikiisha: programu nyingine huruhusu kusoma bila kuongeza, nyingine hufunga kila kitu. Kwa hizo za pili, mikataba yote huhamishwa katika PDF, na orodha yake katika jedwali la kawaida, wiki kadhaa kabla ya siku ya mwisho.