Nani wa kumsaidia mlevi wa nyumbani? Kazi ambayo mabinti zetu wanaweza kuisomea

Jumamosi iliyopita, tulipomaliza kuhesabu pesa za likelemba, mama mmoja alibaki nyuma. Alitaka mkopo wa kulipa minervali ya binti yake wa pili. Pesa alizokuwa ameziweka kando, bwana yake alizitoa chini ya godoro na zote zikaishia kwenye lutuku.

"Yaya," aliniambia, "nimelia, nimegombana naye, nimemupeleka kwa kanisa. Ameapa mara tatu. Sasa nimupeleke kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Toka Mashamba mpaka Kapata, Luilu na Musonoi nawajua wachungaji, wauguzi na walimu. Lakini mtu aliyesomea hasa kazi ya kumsaidia aliyefungwa na pombe au bangi, sikumjua hata mmoja. Ndiyo sababu juma hili tunaandika juu ya kazi hiyo na masomo yake.

Si ukaidi peke yake

Wengi wetu tunamwona mlevi kama mtu asiye na haya. Haya inaweza kuwapo na bado akashindwa. Mtu akinywa sana kwa muda mrefu, ubongo na mwili vinaizoea pombe, na siku akiikosa mwili unamdai. Shirika la Afya Duniani linauhesabu utegemezi wa pombe kuwa ugonjwa.

Wamama, hapa mnisikie vizuri. Mtu anayekunywa kila siku tangu asubuhi msimfungie chumbani ili aache kwa nguvu. Katika siku za kwanza anaweza kutetemeka, kutoka jasho, kuona vitu visivyokuwapo, hata kushikwa na kifafa. Wengine hufa. Akianza dalili hizo, mpelekeni hospitali mara moja, na mwambieni muuguzi kweli yote: anakunywa nini, kiasi gani, na mara ya mwisho ilikuwa lini.

Mshauri anafanya nini

Mshauri wa mambo ya uraibu hatoi dawa. Dawa ni kazi ya daktari, na wawili hao hufanya kazi pamoja. Yeye huanza kwa kuuliza na kusikiliza. Kuna maswali 10 ambayo Shirika la Afya Duniani liliyatoa mwaka 1989, yanaitwa AUDIT: unakunywa mara ngapi, ulishindwa kufanya kazi yako kwa sababu ya pombe, kuna mtu aliyeumia kwa ajili ya unywaji wako? Kila jibu lina alama, na jumla huanzia 0 mpaka 40. Ikifika 8 na zaidi, ni dalili kwamba unywaji umekuwa wa hatari.

Halafu yanakuja mazungumzo. Mwaka 1983 mwanasaikolojia William Miller alieleza namna ya kuzungumza na walevi bila kuwasukuma. Aliona kwamba ukimshambulia mtu, anajitetea. Lakini ukimuuliza vizuri, yeye mwenyewe anaanza kutaja sababu zake za kubadilika. Hapo mshauri anazishika sababu hizo na kupanga naye hatua ndogo: pesa ya malipo ashike nani, njia gani apite akitoka kwenye shimo ili asipite mlangoni mwa muuza lutuku, akianguka tena afanye nini. Mke na watoto nao husikilizwa. Na siri ya mgonjwa haitoki nje, hata kwa shemeji.

Kwa huruma peke yake mtu hawezi kuifanya kazi hii. Inasomewa.

Njia ya masomo

Kwanza, binti amalize humanite na apate diploma ya Serikali. Kisha aingie chuo kikuu kusoma saikolojia, hasa ile ya kutibu. Chuo Kikuu cha Lubumbashi, karibu kilomita 300 kutoka kwetu, kina fakulte ya saikolojia na elimu. Kabla ya kupanga safari, ulizeni pia Chuo Kikuu cha Kolwezi wanafundisha nini mwaka huu. Kulala nyumbani kunapunguza gharama.

Msichanganye majina ya diploma. Zamani kulikuwa na graduat ya miaka 3, ikafuatwa na lisansi ya miaka 2. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 nchi yetu imeanza mfumo wa LMD: lisansi ni miaka 3, na masta ni miaka 2 juu yake. Jumla ni miaka 5 ileile. Lakini lisansi ya leo si ile ya wajomba zetu. Anayetaka kuwa mtaalamu wa kutibu asiishie hapo, aendelee na masta.

Staji ni muhimu kama darasa. Lubumbashi kuna kituo cha wagonjwa wa akili cha Docteur Joseph Guislain, cha watawa wa Frères de la Charité. Mahali pa namna hiyo mwanafunzi anajifunza kukaa na mgonjwa chini ya macho ya mtu mwenye uzoefu.

Baada ya hapo kuna mafunzo ya uraibu penyewe. Kenya, NACADA, ofisi ya serikali ya kupambana na ulevi na madawa ya kulevya, imewafundisha washauri kwa mtaala wa kimataifa unaotumika katika nchi nyingi. Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, kina diploma ya juu ya uraibu kwa waliokwisha kupata digrii. Huko masomo ni kwa Kiingereza, basi binti aanze kukijifunza mapema.

Kabla ya kulipa franka moja popote, ulizeni mambo matatu: Je, Wizara inaitambua diploma hiyo? Staji inafanyika wapi? Nani anaisimamia?

Na leo?

Miaka 5 ni mirefu, na yule mama ana shida leo. Kikundi kimekubali mkopo wake. Pesa itapelekwa shuleni moja kwa moja, haitapita nyumbani. Wamama wawili watamsindikiza yeye na bwana yake kwa daktari, kama bwana atakubali. Bado hajakubali. Tutamuuliza tena, bila kumgombeza.

Wenye mabinti katika miaka miwili ya mwisho ya humanite, njooni nao Jumamosi baada ya likelemba. Tutakaa nao, tuhesabu gharama za mwaka wa kwanza, tuone kikundi kinaweza kubeba kiasi gani.